Sheria Itangulie Fedha: Jibu kwa Msomaji wa Kwale Kuhusu Mfuko wa Eneo la Madini

Msomaji wetu wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, ameuliza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nimesikia kwamba katika jimbo la Minnesota, Marekani, bunge la jimbo liliwawekea watu wa migodi ya chuma mfuko wao maalumu, na kwamba mfuko huo umedumu zaidi ya miaka 80. Fedha zake hutoka wapi? Nani huamua zitumike vipi? Na je, bunge letu la kaunti lingeweza kufanya jambo kama hilo, hasa sasa ambapo mgodi wa Base Titanium umefungwa?"

Marahaba, ndugu yangu. Uliyoyasikia ni kweli kwa sehemu kubwa, isipokuwa kuna jambo moja ambalo husahaulika habari hii inaposimuliwa. Bunge la Minnesota halikai kila mwaka na kujiuliza liwape watu wa migodini kiasi gani. Fedha nyingi za eneo lile hutokana na kodi ambayo sheria ilikwisha kuielekeza njia kabla haijakusanywa, na sheria yenyewe ilipitishwa kabla viwanda vinavyoilipa havijajengwa. Jibu langu lote limesimama juu ya hilo, kwa sababu naamini ndilo jambo ambalo sisi wa pwani tunahitaji kulielewa kuliko jingine lolote katika historia ya Minnesota.

Eneo lenyewe linaitwa Iron Range, nalo liko kaskazini-mashariki mwa jimbo hilo. Shehena ya kwanza ya madini ya chuma kutoka safu ya Mesabi ilisafirishwa mwaka 1892, na kwa zaidi ya nusu karne viwanda vya chuma vya Marekani vilitegemea udongo mwekundu wa huko, uliochimbwa kwa wingi na kupakiwa kwenye meli katika bandari za Duluth na Two Harbors. Miji kama Hibbing, Virginia na Eveleth ilijengwa kwa kazi hiyo moja. Ulipokuja mdororo mkubwa wa uchumi katika miaka ya 1930, watu waliona jinsi mji wenye kazi moja unavyoweza kusimama wote kwa pamoja, na wakati huohuo wataalamu wa madini walikuwa wakionya kwamba yale madini bora yenye chuma kingi yangekwisha siku moja.

Mwaka 1941, wakati wa Gavana Harold Stassen, bunge la jimbo lilipitisha mambo mawili ambayo kwa mtazamo wangu yanapaswa kusomwa pamoja. La kwanza lilikuwa kuanzisha ofisi ya kushughulikia ufufuaji wa eneo la Iron Range, na kuitengea asilimia 5 ya kodi ya shughuli za uchimbaji iliyokuwa ikilipwa na kampuni za chuma. La pili lilikuwa kodi mpya juu ya takonaiti, yaani mwamba mgumu wenye chuma kidogo, cha asilimia 25 hadi 30 hivi, ambao wakati huo haukuwa na thamani ya kibiashara. Profesa Edward Davis wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa ametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuusaga mwamba huo, kuvuta chuma kwa sumaku na kukifinyanga kuwa vijidonge vinavyofaa tanuri, naye alikuwa miongoni mwa waliolisukuma bunge libadilishe utaratibu wa kodi. Madini yaliyokuwa ardhini yalitozwa kodi ya mali mwaka baada ya mwaka hata kama hayajachimbwa, na kwa hiyo hakuna kampuni ambayo ingekubali kumiliki mwamba hafifu kwa miaka mingi huku ikiulipia. Sheria ya 1941 iliiondolea takonaiti kodi ya mali na badala yake ikaweka kodi ya uzalishaji, inayotozwa kwa kila tani inayotoka kiwandani.

Kiwanda kikubwa cha kwanza cha takonaiti, kile cha Silver Bay kwenye ukingo wa Ziwa Superior, kilianza kazi katikati ya miaka ya 1950. Kwa hiyo sheria iliitangulia tasnia kwa zaidi ya miaka 10. Siku kampuni zilipokuja na mitaji yao, hazikukuta meza ya majadiliano ya siri kati ya waziri na mwekezaji; zilikuta kiwango kilichoandikwa na mgawanyo uliojulikana. Baadaye, mwaka 1964, wapiga kura wa jimbo walikubali marekebisho ya katiba yaliyozihakikishia kampuni kwamba kwa miaka 25 baadhi ya kodi zao hazingepandishwa kuliko za viwanda vingine, na uwekezaji mkubwa ukafuata, ukiwamo mgodi na kiwanda cha Minntac huko Mountain Iron. Wapo wanaosema kwamba hapo kampuni zilipewa mno. Mimi naona kwamba wananchi walijua walichokuwa wakikibadilisha, kwa kuwa kodi ya uzalishaji ilibaki, na ndiyo iliyoendelea kulibeba eneo.

Kuhusu namna kodi hiyo inavyofanya kazi leo, naomba unisome kwa makini, kwa sababu kuna ufundi ndani yake. Kampuni hailipi kwa tani za mwaka mmoja tu. Hesabu huchukua wastani wa uzalishaji wa mwaka husika na miaka miwili iliyotangulia. Mgodi ukisimama leo, mapato ya shule na manispaa hayakatiki kesho. Hushuka polepole, na mji unapata nafasi ya kujipanga. Kiwango kwa tani, ambacho katika miaka ya karibuni kimekuwa karibu dola 3, hupanda kwa kufuata kipimo cha mfumuko wa bei bila bunge kulazimika kupiga kura kila mara. Na kwa kuwa kodi inashika tani badala ya faida, kampuni haiwezi kuipunguza kwa kuonyesha hasara katika vitabu vyake au kwa kuiuzia kampuni dada madini kwa bei ya chini. Yeyote aliyewahi kufuatilia migogoro ya mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji hutoa kwa ajili ya madini anayoyachimba, katika nchi zetu za Afrika Mashariki anajua uzito wa jambo hilo.

Fedha zikishalipwa, sheria huzigawa kwa senti kwa kila tani. Kuna senti za miji na vitongoji, senti za wilaya za shule, senti za kaunti, senti za kupunguza kodi ya nyumba kwa wenyeji, na senti za idara ya maendeleo ya eneo ambayo leo inaitwa Idara ya Rasilimali na Ufufuaji ya Iron Range. Sehemu nyingine huingia katika mifuko miwili iliyoanzishwa mwaka 1977: mmoja wa kutunza mazingira ya maeneo yaliyochimbwa, na mwingine wa akiba ya kulinda uchumi, ambao sasa una jina la Douglas J. Johnson, seneta wa eneo hilo. Mfuko wa akiba ulikusudiwa ukuzwe kwa miongo kadhaa ili uwepo wakati uchimbaji utakapopungua. Bunge limeweka vighairi vyake kadiri miaka ilivyopita, lakini wazo la msingi halikufutwa: kizazi kinachochimba kisile chote.

Je, fedha hizo ziko salama kabisa? Hapana, na hapa naomba nisikufiche kitu. Bunge ambalo linaweza kuandika sheria linaweza pia kuifuta. Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2003, jimbo lilipokuwa na pengo kubwa la bajeti chini ya Gavana Tim Pawlenty. Palikuwa na mfuko mwingine wa kuvutia miradi mipya ya madini, uliokuwa umetengewa fedha miaka michache tu kabla ya hapo, na makumi ya mamilioni ya dola yakachukuliwa kutoka humo kuziba pengo hilo. Wabunge wa Iron Range waliendelea kulalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Fedha za kodi ya uzalishaji, kwa upande mwingine, zimekuwa ngumu zaidi kuguswa, kwa kuwa zilichukua nafasi ya kodi ya mali ambayo miji na shule zingekuwa na haki ya kuitoza. Anayezichukua lazima aeleze shule itapata wapi mbadala. Hoja hiyo ina nguvu bungeni kuliko maombi yoyote ya huruma.

Swali lako la nani huamua lina historia yenye mafunzo. Kwa miongo mingi waliokuwa wakiidhinisha bajeti na miradi ya idara hiyo walikuwa bodi iliyojaa wabunge wenyewe, yaani maseneta na wawakilishi ambao theluthi moja au zaidi ya wakazi wa majimbo yao ya uchaguzi wanaishi katika eneo la takonaiti. Faida yake ilionekana: mwananchi alijua mlango wa kugonga, na wabunge hao walikuwa na sababu ya kuulinda mfuko wao kwa meno dhidi ya wenzao wa Minneapolis na Saint Paul. Hasara yake pia ilionekana. Mtu yuleyule aliyetunga sheria ya fedha ndiye aliyeidhinisha mkopo kwa kiwanda cha mjini kwake, na kisha ndiye aliyetarajiwa kuuliza kwa nini mkopo haukulipwa. Mwaka 2016 ofisi ya mkaguzi wa bunge la jimbo ilitoa ripoti iliyosema kwamba utaratibu huo ungeweza kupingwa mahakamani kwa kuchanganya mamlaka ya kutunga sheria na ya kutekeleza, na kwamba ufuatiliaji wa mikopo na ajira zilizoahidiwa haukuwa wa kutosha. Baada ya hapo sheria ilirekebishwa, kura ya bodi ikawa ya kutoa mapendekezo, na uamuzi ukabaki kwa kamishna anayeteuliwa na gavana.

Ripoti ile haikutoka hewani. Katika miaka ya 1980, migodi ilipokuwa ikifungwa na vijana wakihama kwa wingi, mji wa Hibbing ulipata kiwanda cha kutengeneza vijiti vya kulia chakula kutoka kwa miti laini inayoota huko kwa wingi, kwa lengo la kuviuza Japani. Idara ilikitia mamilioni ya dola. Kilianza mwaka 1987, mashine zikasumbua, vijiti vingi vikatoka visivyofaa kuuzwa, na mwaka 1989 kikafungwa. Watu wa huko bado wanakitaja kila mradi mpya unapoletwa. Nakusimulia habari hii ili uone kwamba chanzo cha fedha kilicho imara hakimfanyi anayezitumia awe mwerevu. Idara pia imemiliki kwa miaka mingi kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Giants Ridge, karibu na mji wa Biwabik, ambacho mapato yake yamekuwa madogo kuliko gharama za kukiendesha. Wanaokitetea husema kinaleta wageni wanaolala na kula mjini, na mjadala huo haujaisha.

Upande wa pili wa mizani kuna mambo ambayo nisingependa uyapuuze. Mgodi wa LTV huko Hoyt Lakes ulipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2001, watu wapatao 1,400 walipoteza kazi, lakini eneo lilikuwa na chombo chake cha kuanzia, chenye fedha na watumishi wanaolijua, badala ya kungoja kamati itumwe kutoka mji mkuu. Miji ya Virginia na Eveleth, ambayo ilikuwa na wanafunzi wanaozidi kupungua, imeunganisha shule zake, na shule mpya ya sekondari ya Rock Ridge iliyofunguliwa mwaka 2023 ilijengwa kwa msaada mkubwa wa fedha hizi za takonaiti. Bomba la maji, barabara ya kiwanda, kubomoa majengo mabovu ya katikati ya mji: kazi za namna hii hazina sherehe, ila ndizo ambazo mfuko wa eneo huzifanya vizuri kuliko kununua hisa katika kiwanda ambacho hakuna benki iliyotaka kukikopesha.

Minnesota si jimbo pekee lenye mpango wa maendeleo ya maeneo. Jimbo la Virginia, ambalo ni tofauti na ule mji mdogo niliokwisha kuutaja, limejaribu njia nyingine mbili. Baada ya makubaliano ya mwaka 1998, ambapo kampuni za sigara zilikubali kuyalipa majimbo fedha, bunge lake lilianzisha mwaka 1999 tume ya kufufua maeneo yaliyokuwa yakilima tumbaku na kuipa nusu ya fedha za makubaliano hayo. Zilikuwa fedha nyingi zilizokuja kwa mkupuo. Jopo lililoongozwa na Gavana wa zamani Gerald Baliles lilisema mwaka 2008 kwamba maeneo hayo bado yalikuwa nyuma licha ya mamia ya mamilioni kutumika, na miaka miwili baadaye mtu aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa jimbo alikiri mahakamani kwamba aliiibia tume mamilioni ya dola zilizotolewa kwa ajili ya elimu ya watu wazima. Njia ya pili, iliyoanza mwaka 2016 kwa jina la GO Virginia, inategemea bajeti ya kawaida ya jimbo, ina kanda 9, na hailipi mradi mpaka serikali za mitaa angalau mbili zishirikiane na zichangie fedha zao. Sharti hilo la ushirikiano nalipenda sana. Udhaifu wake ni kwamba kila bajeti mpya inaweza kuupunguza mpango mzima.

Sasa tuje nyumbani. Kwale ilichimbwa kuanzia mwishoni mwa 2013 mpaka Desemba 2024, madini ya mchangani yaitwayo ilmenaiti, rutaili na zirkoni yakipelekwa Likoni na kupakiwa melini. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ambako uchimbaji unafanyika. Wewe na mimi tunajua kilichotokea: mgawanyo uliandikwa, lakini malipo kwa kaunti na jamii yalichelewa kwa miaka, na mgodi ulikuwa ukielekea ukingoni kabla mambo hayajaanza kunyooka. Minnesota iliandika kiasi, mlipaji, mpokeaji na tarehe. Sisi tuliandika asilimia.

Bunge la Kaunti ya Kwale haliwezi kuiga kodi ya takonaiti moja kwa moja. Katiba, katika ibara ya 209, inaipa kaunti kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na kodi nyingine ambazo Bunge la kitaifa limeziidhinisha kwa sheria. Madini yenyewe yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo atakayekwambia kwamba wawakilishi wa wadi wapitishe kodi kwa kila tani anakupeleka mahakamani ukashindwe.

Lakini kuna mambo ambayo liko huru kuyafanya, nami nasikitika kwamba hayazungumzwi vya kutosha. Fedha za mrabaha zikifika kaunti huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na zikishachanganyika humo na mgao wa kawaida, ni rahisi zilipe mishahara na madeni ya wakandarasi. Ibara ya 207 inaruhusu fedha zitolewe katika mfuko huo si kwa sheria ya matumizi ya kila mwaka peke yake, bali pia kama tozo iliyowekwa na sheria ya kaunti yenyewe. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inaruhusu kuanzishwa kwa mfuko maalumu wa kaunti kwa idhini ya kamati tendaji na bunge la kaunti. Ukiviunganisha vifungu hivyo viwili, bunge la kaunti linaweza kutunga sheria inayosema kwamba kila shilingi ya mrabaha inayopokelewa, yakiwamo malimbikizo, iingie katika mfuko wa maeneo yaliyochimbwa; kwamba sehemu yake iwe akiba isiyoguswa mpaka mwaka uliotajwa; na kwamba fedha zinazosalia zigawanywe kwa wadi husika kwa kanuni iliyoandikwa, chini ya ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu.

Katika kuandika sheria hiyo, ningeomba wawakilishi wa wadi wasijiweke katika bodi ya kuidhinisha miradi. Kazi yao iwe kuupitisha mfuko na kuuhoji, na waache utekelezaji kwa watu wengine wanaoweza kuitwa mbele yao kujieleza. Ningeomba pia kwamba mkopo wowote kwa kampuni binafsi uwe na kikomo kidogo na utangazwe, kwa maana pwani nasi hatukosi watu wenye michoro mizuri ya viwanda.

Utaniuliza: sheria ya nini, mgodi umekwisha? Ni kwa sababu mchanga wa titani haukuwa mali ya mwisho ya Kwale. Kilima cha Mrima kina niobiamu na madini adimu ambayo dunia inayatafuta kwa bidii, na leo hakuna mgodi wa kibiashara unaofanya kazi pale. Tuko mahali ambapo Minnesota ilikuwa mwaka 1941 kuhusu takonaiti: mwamba upo, watu wanaujua, fedha bado. Katika kipindi hiki kaunti inaweza kuandika utaratibu bila mtu yeyote kuwa na maslahi ya kulinda. Kuhusu kiwango cha mrabaha na kigezo chake, hiyo ni kazi ya Bunge la kitaifa na Seneti, na seneta wenu ndiye wa kumwendea na hoja ya kutoza kwa tani na ya kutumia wastani wa miaka mitatu.

Ukitaka kuanza, usingoje mikutano ya kampeni. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupaswa kufika mbele ya bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na kabla ya hatua hizo lazima wananchi washirikishwe. Peleka pendekezo lako kwa maandishi, lenye sahihi za wazee wa vijiji na za vijana, kwa karani wa bunge la kaunti na nakala kwa kamati ya bajeti, ukitaja ibara ya 207 na kifungu cha 116 kwa namba zake. Wakikujibu kwamba jambo hilo haliwezekani kisheria, waombe wakuonyeshe ni sheria gani inayolikataza.